Haki ya Kunyamaza

Kuna mpini wa ufagio umesimama nyuma ya mlango wangu hapa Kenmore, kando ya Buffalo, kati ya viatu vya theluji na koleo, na kila mgeni anayeingia anadhani ni ufagio uliovunjika nikasahau kuutupa. Niliuleta kutoka Whitehall, kule Columbus, tulipomaliza kumzika Baba. Mama aliutoa nyuma ya friji siku tuliyosafisha nyumba, akaufuta vumbi kwa upindo wa kitenge chake, akanipa. "Chukua wewe," akasema. "Wewe ndiye uliyesoma sheria." Niliulaza kiti cha nyuma cha gari, nikaufunga mkanda kama abiria, sijui kwa nini, na njia nzima kutoka Columbus mpaka Buffalo nilikuwa nautazama kwenye kioo.

Sikusoma sheria, jamani. Nilisoma somo moja la sheria katika shule ya sekondari huko Louisville, wakati hata sijui kama nitafika chuo. Lakini kwa Mama, binti aliyewahi kusimama mbele ya watu akasema "Mheshimiwa Jaji" kwa Kiingereza ni mwanasheria mpaka kufa, hata kama leo kazi yake ni kutafsiri hospitalini maneno ya wagonjwa wa kisukari. Nimechoka kumsahihisha. Na tangu mpini huu uingie nyumbani, ninajikuta nimekaa na kikombe cha chai mpaka kinapoa, ninarudi kwenye lile darasa.

Lakini kabla ya darasa ilikuwepo kambi. Mimi na kaka yangu Eliya tulizaliwa kambini Tanzania, watoto wa Warundi waliokimbia. Baba alikuwa mshingantahe, mmoja wa wale wazee ambao watu wetu huwapelekea ugomvi kabla ya kufikiria polisi. Walikaa kwenye magogo nyuma ya kanisa la maturubai, kila mmoja na fimbo yake, na aliyetaka kusema alipiga fimbo chini kwanza. Mimi nilikuwa nasinzia mapajani mwa Mama, nguo yake inanuka moshi wa kuni mbichi, na kwa mbali nasikia fimbo ikigonga udongo mwekundu. Niliamini kabisa kwamba fimbo ndiyo inayoamua. Nilidhani inausikia uongo kupitia ardhini, halafu inamnong'oneza Baba kwenye kiganja.

Nilichopenda zaidi ni mwisho wake. Aliyekosa alisimama mbele ya wote akasema, "Nimekosa, nisameheni." Basi. Kinywaji kilizungushwa, pombe ya ndizi kwa waliokunywa na soda kwa sisi walokole, waliogombana wakanywa pamoja, na kuanzia hapo neno lile lilikuwa limekufa. Aliyethubutu kulifufua, hata kwa utani, ndiye alikuwa mkosaji mpya. Nimeona wanaume waliokaribia kukatana mapanga wakirudi nyumbani wameshikana mikono. Kwa hiyo niliyajua haya mapema kuliko kusoma na kuandika: ukikiri, yanaisha.

Fimbo yenyewe haikufika Amerika. Mtu wa uwanja wa ndege alisema ni silaha, akaichukua, na Baba akapanda ndege mikono mitupu. Lakini tulipopangiwa nyumba Newburg, mtaa wa Louisville, kwenye yale majengo ya ghorofa mbili yaliyojaa Warundi na Wakongo, watu hawakungoja hata tufungue mabegi. Hodi, Baba Eliya, mke wangu hivi. Hodi, Baba Eliya, mtoto wa fulani vile. Baba akaenda kwenye pipa la taka, akaokota ufagio uliong'oka manyoya, akaukata mpini kwa kisu cha jikoni. Tatizo lilikuwa zulia. Ukigonga, hakuna sauti. Basi wazee wakawa wanabanana kwenye kona ya jikoni, mahali zulia linapoishia na vigae vinaanza, magoti yamegusana na jiko, ili tu mpini upate mahali pa kulia. Mama alipika huku anawaruka miguu.

Miaka michache baadaye, shuleni, mshauri wa wanafunzi aliniambia somo la mapishi limejaa, imebaki nafasi kwenye somo la sheria. Hivyo ndivyo nilivyoingia, wala msinipambe. Aliyetufundisha ni Mwalimu Carla, mama mwenye nywele nyeupe fupi aliyekuwa wakili kabla ya kuchoka na uwakili. Alinukia kahawa na pipi ya mnanaa. Kila kipindi alianza kwa kutupigia kelele, "Polisi wakikuuliza?" na sisi tukamjibu kwa sauti moja, "Sisemi kitu mpaka wakili wangu aje!" Tulijibu kama watoto wa shule ya Jumapili wanaokariri mstari. Halafu tukafanya kesi za kuigiza. Madawati yakasogezwa, mmoja jaji, kumi na wawili wa kuamua kwenye viti vya pembeni, na mimi, msichana ambaye kwenye masomo mengine nilijificha nyuma ya mwenye kofia, nikagundua kwamba nina mdomo. Nilisimama na koti la Mama la kanisani, mikono inanifika vidoleni, nikatetea. Nilikuwa na furaha ambayo mpaka leo naikumbuka.

Nyumbani nilimwaga yote mezani, juu ya ugali na isombe, kisamvu chetu. Nikawaeleza kwamba hapa mtu ana haki ya kunyamaza. Baba alicheka mpaka akafuta macho.

"Sasa, mwanangu, mtu akinyamaza, nyinyi mnalimalizaje neno lake?"

"Baba, si lazima aseme. Wao ndio wathibitishe."

"Na akinyamaza, yule aliyeumizwa anakwenda nyumbani na nini?"

Nikamwambia tutafika huko muhula ujao. Eliya, aliyekuwa ametoka kazini ghalani na bado ana fulana yake ya manjano, alininyooshea sahani. "Loya, nipe chumvi. Au una haki ya kukataa?" Tangu siku hiyo hakuniita tena jina langu. Loya, umeona soksi zangu? Loya, mwambie Mama nachelewa. Alikuwa kijana wa ishirini hivi, mrefu, anacheka kabla hujamaliza kusema, na ndiye aliyekuwa akinipeleka shule asubuhi kwa gari lake lenye mlango wa rangi nyingine.

Jumapili moja baada ya ibada, vijana walikuwa wanacheza mpira kwenye nyasi nyuma ya majengo. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi na vitabu vyangu. Ukatokea ubishi wa penalti, wakakusanyika, wakasukumana, rundo la vijana watano au sita, kaka yangu akiwa mmoja wao, na Trésor, mtoto wa Papa Dieudonné Mkongo wa mlango wa chini, akaanguka, taya likapiga ukingo wa saruji ya maegesho. Nilisikia ule mgongano kutoka nilipokaa. Mkono wa nani ulimsukuma, sikuona. Hakuna aliyeona. Hata Trésor mwenyewe, alipoweza kusema, alisema hajui.

Jioni hiyo wazee walibanana jikoni. Baba aliwauliza vijana mmoja mmoja, kila mmoja akatazama viatu vyake. Mpini ukagonga vigae. Kisha Baba akamgeukia mwanawe.

"Eliya. Wewe ndiye mkubwa wao. Simama."

"Baba, hata mimi sijui nani alimsukuma."

"Sijakuuliza nani. Taya la mtoto wa watu limevunjika, na mimi ndiye ninayekaa na mpini huu. Nyumba yangu ndiyo itangulie. Simama."

Eliya akasimama. Kichwa chake kilikaribia kugusa taa. "Nimekosa," akasema. "Mimi ndiye niliyemsukuma Trésor. Nisameheni."

Papa Dieudonné akapiga makofi mapajani. "Bon, Papa Eliya. Mutoto amesema. Sisi tunasamehe, mambo inaishia hapa. Donc, hakuna mutu ataongea tena hii maneno." Mama akaleta Fanta, ile ya machungwa, akaimimina kwenye glasi kubwa moja, Eliya akanywa, Papa Dieudonné akanywa. Mwaminini mtoto niliyekuwa: nilijivunia kaka yangu mpaka nikataka kulia. Nilijiona nimezaliwa katika nyumba ya watu wakubwa.

Lakini mtu fulani wa majengo yale alikuwa ameshapiga simu. Katikati ya wiki, kabla jua halijazama, askari mmoja alibisha hodi, kijana mpole, kofia mkononi. Aliuliza kama Eliya angependa kueleza kilichotokea Jumapili. Nilikuwa mezani. Nikasema kwa Kiswahili, haraka, "Kaka, usiseme kitu. Mwambie unataka wakili."

Eliya akamtazama Baba.

"Mwambie," Baba akasema. "Neno limeshakwisha. Unaogopa nini?"

Eliya akaeleza yote, anatabasamu, mpaka habari za Fanta. Alieleza vizuri, maana Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Ndiyo, nilimsukuma mimi. Ndiyo, nimeshaomba msamaha. Askari akaandika. Baba akamletea naye glasi, askari akaipokea kwa adabu, akanywa nusu. Alipoondoka Baba alinitania kwamba shule yangu inanifundisha woga. Eliya akasema, "Pole, Loya, umekosa mteja."

Alipokuja kuitwa mahakamani sikuogopa. Hili ndilo gumu kulieleza kwa watu wazima: nilifurahi. Nilijua mahakama. Nilijua kwamba watakaa watu kumi na wawili pembeni, kwamba kila shahidi atahojiwa, na kwamba wakili wa Eliya atasimama aseme hakuna aliyeona mkono. Niliandika hotuba ya ufunguzi, kurasa mbili, nikaikariri bafuni, ili nimpe wakili kama zawadi. Nilijua pia kwamba Papa Dieudonné atakwenda kusema yamekwisha. Na kweli alikwenda, amevaa suti. Wakamweleza kwamba kesi si yake, ni ya jimbo. "Jimbo?" akauliza, macho yamemtoka. "Kumbe jimbo ndio ilivunjika taya?" Alirudi akaketi karibu nasi, akamshika Baba mkono.

Wakili tuliyepewa na mahakama alikuwa na mafaili mengi kifuani na macho ya mtu asiyelala. Hakuwa mtu mbaya. Alituketisha kwenye benchi la ukumbini, nje kabisa ya chumba, akasema Eliya ameshakiri kwa askari, hakuna pa kushika, lakini amepata ofa nzuri: akikubali kosa, atapewa kifungo cha mwaka mmoja ambacho hatakwenda kukitumikia. Atarudi nyumbani leo leo. Nilimtafsiria Baba, na uso wake ukafunguka.

"Wanataka aseme nimekosa tu?"

"Ndiyo, Baba."

"Si ameshasema? Na arudie, kuna ubaya gani?"

Tukaingia. Jaji akamuuliza Eliya maswali kwa upesi, Eliya akajibu ndiyo mheshimiwa, ndiyo mheshimiwa. Akasema ana hatia. Kama kati ya yale maswali lilikuwemo moja la uraia, lilipita na mengine. Mwalimu Carla alichukua muda mrefu kuliko huo kuita majina. Tukatoka, na mimi, hotuba yangu ikiwa imekunjwa mfukoni mwa koti la Mama, nikamuuliza wakili kesi itaanza lini. Alinitazama kwa huruma. Akasema imekwisha.

Nilitazama vile viti kumi na viwili. Vilikuwa vitupu, kimoja kimewekewa sanduku la karatasi. Nadhani hapo ndipo utoto wangu uliponiacha, ila sikujua, maana nyumbani kulikuwa na sherehe. Mama alipika wali na kuku, kanisani tukatoa shukrani, Eliya akacheza mbele ya kwaya mpaka koti likapasuka kwapani. Baba alisema kumbe hata Wamarekani wanajua kumaliza neno.

Wiki hizo hizo nilishinda kesi yangu ya kuigiza. Mshtakiwa wangu alikuwa mvulana anayedaiwa kuiba baiskeli, na alikaa kimya mwanzo mpaka mwisho kama tulivyofundishwa, na wanafunzi kumi na wawili wakamwachia huru. Baba alikuja akitokea kiwandani na viatu vyake vya kazi, akakaa nyuma. Tukiwa garini akaniuliza, "Sasa yule kijana, aliiba au hakuiba?" Nikamwambia hatujui. "Na mwenye baiskeli?" Nikamwambia hayumo kwenye kesi. Akatikisa kichwa taratibu, akasema mtoto wake anaongea vizuri sana.

Mwaka uliofuata Eliya aliomba uraia. Tulimsaidia kukariri majibu mezani, hata Mama alishajua rais wa kwanza ni nani. Siku ya mahojiano alivaa suti ya kijivu, akaniambia, "Loya, leo sikuhitaji." Mimi, Mama na Baba tukabaki garini kwenye maegesho. Mama alikuwa na chapati kwenye mfuko wa karatasi, zinanukia gari zima. Watu waliingia na kutoka, wengine wameshika bendera ndogo. Chapati zikapoa. Mwishowe Baba akaenda kuuliza, akarudi amenyoosha mikono pembeni kama mtu aliyebeba kitu kikadondoka. Watu wa uhamiaji walikuwa wamemchukua kwa mlango mwingine.

Mwalimu Carla ndiye aliyenieleza, baada ya vipindi, darasa tupu. Kwa sheria ya uhamiaji, kosa lile na mwaka ule mmoja, hata kama hakulala jela siku moja, vilitosha kumwondoa nchini mtu asiye raia. Alieleza polepole, kisha akavua miwani na kulia, mama mzima. Akasema kama Eliya asingesema kitu. Hakumalizia. Nami nililia, lakini zaidi nilikasirika, kwa sababu sentensi hiyo niliijua kuliko mtu yeyote, niliiimba kila asubuhi.

Eliya alikaa kizuizini miezi, kisha wakampeleka Bujumbura, mji ambao hakuwahi kuuona. Alizaliwa kambini, alikulia Newburg, Kirundi chake kilikuwa cha kanisani. Alishuka kule na ile suti ya kijivu.

Baba aliusukuma mpini nyuma ya friji. Watu walibisha hodi kama zamani, aliwafungulia, akawapa chai, akasema, "Mimi sheria ya hapa siijui. Tafuteni loya." Mama alishindwa kupita kwenye zile nyasi, ndipo tukahamia Columbus, Whitehall, na tulipohama jambo la kwanza Baba alilobeba ni friji, na mpini nyuma yake. Lakini jina hakuweza kulificha. Kila alikokwenda, dukani, kanisani, kwenye basi, ni Baba Eliya, shikamoo Baba Eliya, na kila mara nilimwona akimeza mate kabla ya kuitikia.

Kila Jumamosi alimpigia Eliya simu. Waliongea mvua, malaria, mafundisho ya mchungaji. Mimi nilikaa karibu, nasubiri. Nilisubiri miaka. Mtu aliyeifundisha kambi nzima kusema nimekosa, na neno lenyewe halikumtoka hata mara moja kwa mtoto wake. Nilimchukia kwa hilo, nalisema wazi, na nilimpenda, na nilikwenda Buffalo kufanya kazi nikiwa na yote mawili.

Sasa amekufa. Baada ya mazishi tulirudi Whitehall kunawa mikono, kama ilivyo desturi yetu, na nyumba ikajaa mpaka kwenye ngazi. Simu yangu niliiegemeza kwenye birika, Eliya akiwa ndani yake, amenenepa, ndevu zina mvi, pazia la maua nyuma yake. Mzee Gaspari, aliyekaa na Baba kwenye magogo ya kambini, akasimama. Akauliza lile swali ambalo Warundi huuliza wakitoka kuzika, ili marehemu asiondoke na neno la mtu: "Kama yupo yeyote ambaye Baba Eliya alimkosea, aseme sasa. Familia iko hapa, tutalimaliza."

Watu wote walijua. Hakuna aliyeitazama simu, na kila mtu aliisikiliza. Nilitaka aseme. Nilitaka kwa moyo wangu wote asimame pale chini ya taa ya Bujumbura aseme ndiyo, mimi, ili mtu mmoja katika ukoo wetu amwombe msamaha. Ningeliomba mimi kwa niaba ya Baba, nilishakunja magoti.

Eliya hakusema kitu. Uso wake haukutikisika hata kidogo, mpaka binamu yetu akanong'ona kwamba mtandao umekatika. Haukukatika. Niliona pazia likipepea nyuma yake, nikaona akipepesa macho, midomo ameifunga. Mzee Gaspari alisubiri kupita kawaida, naye anaangalia sakafu. Kaka yangu alinitafuta kwenye kioo cha simu, akanikazia macho, na nikajua ananikumbusha mezani, na chumvi, na ile haki niliyowaeleza.

"Basi," Mzee Gaspari akasema. "Hakuna neno."

Mama akaanza kuzungusha Fanta. Ndani ya simu Eliya aliinama, akaokota chupa yake ya machungwa aliyokwisha kuifungua mapema, akanywa.